Mratibu wa "usiku wa akina dada" hapa Nakuru: rudisha pesa zetu, ile haikuwa muvi tuliyolipia

Wadau wa Nakuru, hasa nyinyi mliokuwa ukumbini Jumamosi iliyopita, ingieni hapa. Na wewe mratibu, najua unasoma huku kwa sababu ndiko ulikoweka bango lako. Jina lako silitaji na la ukumbi silitaji. Unajijua, na waliokuwepo wanakujua.

Bango lilisema hivi: usiku wa akina dada, The Sisterhood of the Traveling Pants 2, muvi nzima, sauti ya asili, kiingilio mia tatu pamoja na bisi na soda. Nilikuwa nimelipiga picha, kwa hivyo usijisumbue kulifuta. Tukatuma pesa mapema maana uliandika viti vinaisha. Tulipofika viti vilikuwa tele, bisi zimelala tangu asubuhi, soda imepoa mpaka ikapoteza gesi. Hayo nakusamehe. Hakuna aliyetoka nyumbani kwake kufuata bisi.

Muvi ndiyo hukutuonyesha. Ulichoweka ni ile kanda ya DJ, anayeongea juu ya sauti ya muvi, ya kunakiliwa kwenye flashi pale mjini, iliyokatwakatwa mpaka hadithi ya wasichana wanne ikabaki hadithi ya wanaume zao.

Kabla mtu hajaniambia eti najifanya wa maana, mimi ni mtoto wa mtaa wa Kaptembwo. Nimekalia yale mabenchi ya vibanda vya video tangu sijaanza shule, na heshima yangu kwa ma-DJ wa muvi ni kubwa. Muvi ya Kichina ya mateke, au ya Kihindi ambapo jamaa mmoja anapiga kijiji kizima, DJ akiingia na kumpa adui jina la chifu wa mtaani, mnacheka mpaka mbavu ziume. Ile ni kazi na wanaijua. Nyanya yangu hakuwahi kwenda shule, na muvi zote alizoziona maishani alizielewa kwa mdomo wa DJ. Sina neno hapo.

Lakini kuna muvi ambayo mazungumzo ndiyo mateke yake. Ukizima mazungumzo, umeizima yote.

Kwa wasioijua, sehemu ya kwanza ilitoka 2005, ikiongozwa na Ken Kwapis, kutoka kwa kitabu cha Ann Brashares cha 2001. Wasichana wanne wa mji wa Bethesda huko Marekani, ambao mama zao walijuana kwenye mazoezi ya wajawazito, wananunua suruali moja ya jinzi kwenye duka la nguo kuukuu, mtumba kabisa. Mmoja ana nyonga, mmoja ni mrefu, mmoja mwembamba, na bado suruali inawakaa wote. Likizo inawatawanya, basi wanatumiana ile suruali kwa zamu. Sisi tuliiona shuleni, Jumamosi ya burudani, tumefinyana sakafuni ukumbi wa kulia chakula, na stima ilipotea mara mbili. Kuanzia siku hiyo tukawa na sweta letu. Msicheke.

Sehemu ya pili ni ya 2008, na aliyeiongoza ni Sanaa Hamri, dada wa Kiafrika, mzaliwa wa Tangier, Moroko. Hapo wasichana wamemaliza mwaka wa kwanza wa chuo na urafiki umeanza kuchoka. Hakuna aliyemkosea mwenzake sana. Simu hazipokewi kwa wakati, mmoja ana habari kubwa na anajikuta hajui amwambie nani, kila mtu anadhani wale watatu wengine wako pamoja na yeye ndiye ameachwa. Nani hapa aliyemaliza Kidato cha Nne hajui jambo hilo? Ndiyo maana tukaitafuta. Sisi pia tuko wanne. Mmoja yuko Njoro, mmoja ameolewa Kakamega, mmoja amerudi juzi kutoka Qatar, na mimi niko hapa mtaa wa Free Area na saluni yangu. Kukutana sote ni kazi ya miezi. Yule wa Kakamega alipanda matatu usiku na mtoto mgongoni kwa ajili ya hii muvi yako.

Sasa ngoja nikueleze ulichofanya, maana nadhani hata wewe hukuitazama.

Bridget, yule mrefu wa kandanda, aliyeigizwa na Blake Lively, kwenye hadithi mama yake alijiua. Kwenye hii ya pili anagundua kwamba baba yake alimficha barua za nyanya yake. Anakwenda Uturuki kuchimbua mifupa ya watu wa kale pamoja na profesa mmoja mwanamke, na katikati ya mifupa hiyo anaona kwamba kuna wafu wake mwenyewe ambao hajawauliza lolote. Anaacha kazi, anakwenda Alabama kumtafuta nyanya. Pale jikoni kwa nyanya ndipo anapopata kujua mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Ukiniuliza, huo ndio moyo wa muvi nzima.

Kwenye kanda yako nyanya hayupo. Bridget yuko kwenye vumbi la Uturuki, skrini inapepesa, mara yuko Ugiriki kando ya bahari anacheka. DJ akasema, "Amechoka kuchimba mitaro, ameamua kula raha." Nyanya mzima na Alabama yake wametupwa kwa sababu wanawake wawili kukaa jikoni wakizungumza juu ya marehemu hakuuzi.

Twende kwa Carmen, aliyeigizwa na America Ferrera. Mama yake ameolewa upya na ana mimba, nyumba waliyoishi inahamwa, naye hana tena mahali pa kusema ni kwao. Anafuatana na rafiki mpya, Julia, hadi Vermont kwenye kambi ya michezo ya kuigiza, nia yake ikiwa kubeba mbao na kupaka rangi nyuma ya jukwaa. Badala yake anapewa nafasi ya msichana Perdita katika mchezo wa The Winter's Tale wa Shakespeare, na Julia, aliyejiona ndiye nyota, anaanza kumvunja moyo polepole huku akijifanya anamsaidia. Wivu wa kazi, wivu wa kipaji. Mambo tunayoyaona kila siku, ofisini na hata kwenye saluni. DJ wako alifanyaje? Mazoezi ya jukwaani akayakata yote, kisha akatuambia wale wawili wanagombania kijana mmoja Mwingereza wa pale kambini. Ugomvi wa kazi akaugeuza ugomvi wa bwana. Na Lena, mwenzao wa tatu, vivyo hivyo. Msichana yuko chuo cha sanaa anajifunza kuchora, na hatukuona mstari mmoja wa mchoro wake. Tulionyeshwa wapenzi wake tu, Kostas na yule Leo, kana kwamba alikwenda chuo kuchagua mume.

Halafu suruali. Jamani, suruali! Effie, mdogo wake Lena, anakwenda nayo Ugiriki na kuipoteza, na hicho ndicho kinachowatoa wote wanne walikotawanyika, wakakutane Santorini kuitafuta. Kanda yako ilimkata Effie. Kwa hivyo tukaona wasichana wanne wanapanda na kushuka ngazi nyeupe, wanachungulia kila mahali, wanauliza watu. Dada mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Hawa wanatafuta nini?" Ukumbi mzima kimya. DJ naye hakujua, akasema wanatafuta choo.

Ulionyesha watu muvi ya suruali, nao wakatoka bila kujua kwamba suruali imepotea.

Lakini kilichonifanya niandike uzi huu ni Tibby, yule wa nne. Tibby anasoma mambo ya filamu New York, anafanya kazi kwenye duka la video, na usiku wake wa kwanza na mpenzi wake Brian kondomu inapasuka. Anaingiwa na hofu ya mimba. Anamsukuma kijana wa watu mbali, hamwambii kinachomla, anahesabu siku peke yake. Baadaye anaona hana mimba, lakini hofu imeshafanya kazi yake. Sehemu hiyo haikukatwa. Ah, hiyo haikukatwa hata kidogo, iliachwa nzima, na DJ akaongea juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nani amemjaza, atamsingizia nani, mahari imepungua bei, na matusi mengine siyaandiki. Vijana wako wa mlangoni wakapiga meza kwa kicheko.

Kwenye kiti cha tatu kutoka kwangu ameketi rafiki yangu aliyetoka shule Kidato cha Pili kwa sababu ya mimba. Ameniruhusu niseme. Sera ya wasichana kurudi shule baada ya kujifungua ipo nchini tangu 1994, na bado mama yake alizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi mpaka alipomrudisha. Akarudi, akakaa darasa moja na wadogo zake, akafanya mtihani akapita. Alikuja na hamu ya kuona muvi ambayo hofu hiyo haifanyiwi mzaha. Akaikuta inafanyiwa mzaha kwa spika mbili kubwa, na amelipia mia tatu. Alichukua mkoba wake akatoka nje. Sisi tukamfuata, yule wa Kakamega akimbeba mtoto aliyekuwa amelala. Kwa hivyo ukisema eti tuliona muvi hadi mwisho, huo pia ni uongo. Ile ya Santorini nimeielezea kwa sababu tulirudi ndani kudai pesa, na wakati tunazungushwa ndiyo ilikuwa ikiendelea.

Nikakuuliza pale mlangoni: bango lilisema sauti ya asili, iko wapi? Ukanijibu watu wa Nakuru hawaelewi kile Kiingereza cha puani. Mimi ni mtu wa Nakuru. Kama shida ni Kiingereza, weka maandishi chini ya skrini, au tafuta DJ atafsiri yanayosemwa. Kutafsiri ni mtu akisema "nilikukumbuka", wewe unasema "nilikukumbuka". Yule wako hakutafsiri chochote, alihubiri.

Nikakuandikia kwenye kundi la WhatsApp kwa adabu, ndugu tafadhali turudishie. Jibu lako: "Si mliona muvi? Nyinyi wanawake hamridhiki." Halafu ukanitoa kwenye kundi. Wa Njoro akauliza mbona nimetolewa, naye ukamtoa.

Sasa nikuambie na hii, kwa sababu ulisema tupeleke malalamiko yetu popote. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora na haki ya kuambiwa ukweli kuhusu anachonunua. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataka mtu apate idhini ya mwenye kazi kabla ya kuitafsiri au kuigeuza. Sheria ya Filamu, Sura ya 222, inataka maonyesho ya umma yawe na leseni na filamu iwe imewekewa daraja la umri. Huko kwao muvi hii ilipewa PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu na watoto wa chini ya miaka 13. Maneno ya DJ wako yangepewa daraja gani, na safu ya mbele walikuwepo watoto wa shule ya msingi? Una leseni? Iweke hapa tuione.

Sitaki makuu. Nataka mia tatu mara nne, na za kila mtu mwingine anayetaka zake. Na useme hadharani kwamba bango lilidanganya.

Mliokuwepo, wekeni hapa ujumbe wa malipo, mfiche namba na majina. Msimtukane mtu, mkitukana uzi utafungwa naye atafurahi.

NYONGEZA: Kuna jamaa ameniandikia pembeni kwamba natafuta makosa, eti muvi za wasichana hazina wateja na mratibu alikuwa anaziokoa kwa kuziongezea utamu. Kaka, wateja walikuwepo. Walilipa. Wengine walitoka Naivasha na Molo. Waliolipa walitaka ile iliyoandikwa kwenye bango.

NYONGEZA YA PILI: Mratibu ameweka bango jipya la mwisho wa mwezi, kiingilio sasa mia tatu hamsini, na maneno "sauti ya asili" yapo tena. Kabla hujatuma pesa muulize mambo mawili: ni kanda ya DJ au siyo, na inachukua dakika ngapi. Sehemu hii ya pili ni karibu saa mbili kamili, yake iliisha kabla bisi hazijaisha. Akikujibu, bandika jibu lake hapa.