Planck.js: kete za keram zinaganda ukingoni, straika inapenya

kijana_wa_sinza
Habari wakuu. Natengeneza gemu ya keram kwa Planck.js (maktaba ya fizikia ya gemu), ichezwe kwenye brauza ya simu. Nimeweka vipimo halisi kwa mita: ubao 0.74, nusu kipenyo ya kete 0.0155, straika (kete kubwa ya kupigia) 0.0206. Graviti 0, `restitution` (mdundo) 0.8, `linearDamping` (kipunguza kasi) 1.

Kete ikifika ukingoni taratibu inaganda, haidundi. Straika ikipigwa kwa nguvu inapita kwenye kete kama haipo. Na kwenye simu ya mshkaji, skrini ya hezi 120, gemu inakimbia mara mbili. Nihamie Matter.js, maktaba nyingine ya fizikia?

fundi_gemu
Usihame mkuu. Fizikia huhesabiwa kwa hatua fupi za muda, na Matter.js haikagui kinachotokea katikati ya hatua mbili, straika itapenya vilevile.

Shida ni vipimo. Planck ni Box2D (injini ya fizikia ya 2D) kwa JavaScript, na Box2D imepangwa kwa vitu vya mita 0.1 hadi 10. Mgongano wa chini ya 1 m/s haupewi mdundo kabisa, hata `restitution` iwe 1. Zidisha kila kitu kwa 10, kasi pia: ubao 7.4, kete 0.155, straika 0.206. Bado inaganda? Shusha kikomo hicho cha 1 m/s, `planck.Settings.velocityThreshold`, hadi 0.2.

Uzito usisahau. Straika ni gramu 15, kete kama 5. `density` (uzito kwa eneo) ya kete ikiwa 1, ya straika iwe 1.7.

Kupenya: weka `bullet: true` kwa straika, ili Planck ikague migongano yake hata katikati ya hatua.

msasani_dev
Straika peke yake haitoshi. Kwa uzito huo na `restitution` 0.8, kete iliyogongwa katikati inaondoka na kasi mara 1.35 ya straika. Straika ya kasi ya 50 m/s inaitoa kete na 67.5, yaani zaidi ya mita 1.1 kwa kila hatua ya sekunde 1/60, wakati kipenyo cha kete ni 0.31. Weka `bullet` kwa zote, kete ni 19 tu, simu haitahisi.

Hezi 120: unaita `step` (inayosogeza fizikia hatua moja) mara moja kwa kila fremu. Limbikiza muda uliopita, kila ukifika 1/60 ita `world.step(1/60, 8, 3)` na utoe 1/60. Isizidi hatua 5 kwa fremu, la sivyo simu dhaifu itaelemewa na kukwama.

Halafu `linearDamping` toa. Inapunguza kasi kwa uwiano, ndiyo maana kete zinajikokota mwishoni. Msuguano wa ubao hupunguza kiasi kilekile muda wote: kwa mgawo wa msuguano wa 0.15 na vipimo vipya, kasi inashuka 14.7 m/s kila sekunde. Sukuma kinyume na mwendo kwa uzito × 14.7 kabla ya kila hatua. Kasi ikishuka chini ya 0.245 ifanye sifuri, vinginevyo kete itatetemeka papo hapo.

kijana_wa_sinza
Poa sana wakuu. Matundu nayo niyaweke `sensor` (umbo linalohisi mguso bila kuzuia)?

fundi_gemu
Hapana, sensa haifuatwi na `bullet`, kete ya kasi itairuka. Baada ya kila hatua pima umbali wa katikati ya tundu hadi mstari ambao kete imepita kwenye hatua hiyo, si hadi ilipoishia tu.