Mjadala: Wapagazi wa Vita Kuu ni mashujaa wetu au hawatuhusu?

Kila inapokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nabishana na wenzangu juu ya jambo lile lile: wapagazi, wale wabeba mizigo ya jeshi waliofia katika ardhi yetu kwenye Vita Kuu ya 1914–1918, nao tuwahesabu? Wengi hunijibu kwamba vita ile ilikuwa ya Mjerumani na Mwingereza, na aliyekamatwa kijijini kwa nguvu hakujitolea chochote. Wasiwekwe, wanasema, pamoja na waliokufa Vita vya Kagera.

Walilazimishwa, sikatai. Punda na ng'ombe walikuwa wakifa kwa mbung'o, magari hayapiti, mzigo ukatwikwa kichwani mwa mtu. Kuhara damu, malaria na njaa viliwamaliza wengi kuliko risasi. Kwangu mimi, aliyekufa bila kuulizwa anatudai kumbukumbu kuliko hata aliyejiandikisha mwenyewe.

Nendeni Posta, Dar es Salaam, mkaitazame Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Zungukeni pande zote: jina la mpagazi hata mmoja hamtalikuta. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hoja yangu: majina yakusanywe, na ukuta wake ujengwe Kariakoo, si Posta. Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa kwetu, kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Na tusiishie kwenye mashada ya maua. Pale pale, alfajiri, kuna vijana wanaotwishwa lumbesa kwa ujira ambao mwenye mzigo anaupunguza wakishafika. Tukiwaacha hivyo, huo ukuta tutakuwa tumemjengea nani?

Mnaopinga, leteni hoja. Na mwenye babu aliyeondoka na mzigo asirudi, aliandike jina lake hapa chini, hata kama ukoo umebaki na hilo moja tu.