Wiki 12 kabla ya pepa ya kujiunga na chuo kikuu: msuli uende wapi ili alama zipande?

Mlima_Mrefu:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii. Pepa ina maswali 80 ya kuchagua, kila swali lina majibu matano, muda ni dakika 120. Ukipata unapewa alama 1, ukikosa unakatwa robo, ukiacha wazi hupati wala hukatwi. Masomo ni hisabati, fizikia, kemia na ufahamu. Zimebaki wiki 12. Nadharia na maswali nivigawie muda vipi? Na swali nisilolijua nibahatishe au niliache?

Chaki_Nyeupe:
Mkuu, anza na kitu ambacho wengi hukiogopa: wiki hii hii, kabla hujafungua kitabu, kaa na pepa nzima ya zamani, isiwe ya karibuni. Dakika 120 kamili, simu iwe chumba kingine, bila kikokotoo kama hakiruhusiwi. Alama utakazopata zisikutishe, kazi yake ni kukuonyesha zinapovujia. Bila kipimo hicho utajikuta unasoma mada unazozipenda, na hizo ndizo unazozijua tayari.

Kisha chukua pepa tano au zaidi za miaka iliyopita, andika orodha ya mada zote za silabasi, na kila mada inapotokea ipigie kijistari. Ukimaliza utaona mada zinazorudi kila mwaka na zinazotokea mara moja moja. Anza na zile zinazorudi sana ambazo wewe unazikosa. Mada inayoleta swali moja kwa miaka mitano usiipe wiki nzima, hata kama ni tamu.

Wiki ya 1 hadi ya 7 ni za mada. Wiki ya 8 hadi ya 11, pepa nzima mbili kwa wiki. Wiki ya mwisho ni marudio mepesi. Pepa mbili za karibuni kabisa usiziguse mpaka wiki ya 10 na 11, maana pepa uliyokwisha kuiona haikupimi tena, inapima kumbukumbu ya majibu yake.

Kwa mada moja: soma nadharia isizidi dakika 40, funga kitabu, chukua karatasi tupu uandike kila unachokumbuka, yaani fomula, masharti yake na mchoro. Fungua, jaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Halafu maswali 15 hadi 20 ya mada hiyo. Rudia maswali machache siku inayofuata, siku ya 3, ya 7 na ya 14. Hapo kwenye kufunga kitabu ndipo watu wanapokwepa, kwa sababu kusoma tena ukurasa uliopigiwa mistari kunakupa hisia kwamba umeelewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima jambo hili: dakika tano baadaye, waliosoma tena walikumbuka zaidi, wiki moja baadaye, waliojipima ndio walioongoza. Pepa yako iko wiki 12 mbele, sio dakika tano.

Kuanzia wiki ya 4 changanya mada. Ukifanya maswali 20 ya mwendo wa mduara mfululizo, swali la 21 utalijua fomula yake hata kabla ya kulisoma. Kwenye pepa hakuna atakayekuambia hili ni la mada gani, na kuitambua mada ni nusu ya kazi.

Kikokotoo:
Nichukue la kubahatisha, kwa sababu hapa watu hushauriana kwa hofu wakati ni hesabu ya kawaida.

Majibu matano, kukatwa robo. Bahatisha kipofu maswali 20: kwa wastani unapata 4 na kukosa 16. Alama 4 kutoa robo 16, ambazo ni 4, inabaki sifuri. Yaani kubahatisha kipofu hakukupi kitu na hakukunyang'anyi kitu. Sasa ondoa jibu moja ambalo una hakika si sahihi, yabaki manne: kwenye 20 unapata 5, unakosa 15, 5 kutoa 3.75 ni 1.25. Ukiondoa mawili, kwenye 21 unapata 7, unakosa 14, 7 kutoa 3.5 ni 3.5. Kwa hiyo kanuni ni hii: umeondoa hata moja kwa sababu unayoweza kuitaja, jibu. Hujaondoa lolote, pita. Na kama pepa haikati alama, usiache hata duara moja wazi.

"Sababu unayoweza kuitaja" ndiyo neno zito hapo. "Naona kama si hili" sio sababu. Vipimo havilingani, alama ya kutoa haiwezekani, jibu ni kubwa kuliko jumla yenyewe: hizo ndizo sababu.

Jua pia kwamba majibu yasiyo sahihi hayatungwi ovyo. Mtunzi hufanya kosa ambalo mwanafunzi angelifanya, kisha anakuwekea matokeo yake. Gari la kilo 1000 linakwenda kilomita 72 kwa saa, nishati mwendo ni ngapi? Sahihi: 72 gawanya kwa 3.6 ni mita 20 kwa sekunde, nusu ya 1000 mara 400, jouli 200,000. Aliyesahau kubadili vipimo atapata 2,592,000, na ataikuta pale imeandikwa vizuri kabisa. Aliyesahau nusu atakuta 400,000. Kwa hiyo kuliona jibu lako kwenye orodha si ushahidi kwamba umepata. Vivyo hivyo bei iliyopanda 20% kisha ikashuka 20%: "haikubadilika" itakuwepo, na jibu ni imeshuka 4%.

Jingine: majibu ya namba yakiwa yamepangwa kuanzia dogo, jaribu la katikati kwanza. Tafuta x ambayo 2 kipeo x, jumlisha x, ni 37. Majibu ni 2, 3, 4, 5, 6. Weka 4: 16 jumlisha 4 ni 20, ndogo. Matatu yameanguka kwa jaribio moja. Weka 5: 32 jumlisha 5, umemaliza.

Daftari_Jekundu:
Nakubaliana na waliotangulia, ila pepa mbili kwa wiki bila daftari la makosa ni kuchoka bure. Kusahihisha pepa kunatakiwa kuchukue muda sawa na kuifanya, au zaidi.

Kila ulichokosa, na kila ulichopata kwa kubahatisha, kiandike kwa mistari minne: swali kwa ufupi, nilifanya nini, kwa nini, safari ijayo nitaanzaje. Mfano: "Asidi kali ya pH 2 imezimuliwa mara 10. Nilijibu 0.2. Niligawa pH yenyewe, badala ya ukolezi. Safari ijayo: mara 10 ni hatua moja, pH 3." Kuandika tu "nilikosa umakini" ni bure, hakuna cha kufanyia mazoezi hapo.

Halafu kila kosa lipe herufi. M ni maarifa, hukujua: rudi kwenye nadharia. H ni hesabu, njia sahihi lakini namba zimeteleza: dawa yake ni kuandika hatua mstari kwa mstari na kukadiria jibu kabla ya kukokotoa. S ni kusoma swali vibaya: zungushia maneno kama SIYO, ISIPOKUWA, ANGALAU, na kipimo kinachoombwa. Mwisho wa wiki hesabu herufi. Mwenye S nyingi akiongeza saa za nadharia, alama zake hazisogei, na anaishia kudhani kichwa chake ni kizito. Si kweli, anatibu ugonjwa mwingine.

Baada ya siku saba lifanye swali upya bila kuangalia. Ukilipata mara mbili mfululizo, likate.

Mlima_Mrefu:
Asanteni sana. La mwisho: dakika moja na nusu kwa swali haitoshi fizikia. Na karatasi ya majibu niijaze mwishoni au papo hapo?

Kikokotoo:
Dakika moja na nusu ni wastani tu. Swali la sekunde 30 linalipia la dakika tatu. Pita mara tatu. Mzunguko wa kwanza dakika 70: jibu yale unayoiona njia mara moja, ukishapoteza sekunde 30 bila kujua pa kuanzia, weka nukta pembeni usonge. Ukifika swali la 40, saa isome dakika 35. Mzunguko wa pili dakika 40: yenye nukta, ukianza na yaliyokaribia kuiva. Dakika 10 za mwisho ni za kuamua yapi ya kubahatisha na kuhakiki karatasi. Usichague masomo kwa mpangilio wa woga, swali rahisi la fizikia na gumu la fizikia yana alama ile ile.

Karatasi ya majibu ijaze kila ukimaliza ukurasa wa maswali. Ukisubiri mwisho, muda ukiisha una majibu kichwani na duara tupu. Hatari kubwa ni kuruka swali la 23 halafu jibu la 24 likaingia kwenye 23, na yote yanayofuata yakahama. Kila unapojaza, soma namba ya swali na ya duara kwa pamoja. Ukifuta, futa kabisa. Kivuli kilichobaki mashine inaweza kukihesabu kama jibu la pili.

Chaki_Nyeupe:
Ufahamu: soma maswali kwanza, kisha kifungu, na jibu lolote liwe na mstari unaoweza kuunyooshea kidole. Jibu ambalo ni kweli duniani lakini halimo kwenye kifungu ni kosa.

Na usikeshe usiku wa mwisho. Ubongo huimarisha ulichosoma wakati wa usingizi, na makosa ya aina ya H na S huongezeka ukiwa na usingizi. Wiki mbili kabla, fanya pepa zako za mazoezi saa ile ile ambayo mtihani utaanza.

Daftari_Jekundu:
Siku ya mwisho soma daftari la makosa tu, yale ambayo hayajakatwa. Ukiwa umelitunza, hayatazidi kurasa chache.