Bwana mkubwa ameangalia SAA wakati muuguzi anamuuliza habari za wagonjwa!

Upepo wa Kusi (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kuzima kompyuta sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Naandika kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaandika kistaarabu, na huyu bwana hastahili ustaarabu.

Mdahalo mmeuona, ule wa nchi tajiri kuzisaidia maskini. Jina simtaji, mnamjua. Yule yule wa tai nyembamba, anayeongea utadhani yeye aliumbwa kwanza, dunia ikaja baadaye kumpokea koti. Saa aliyovaa inang'aa mpaka kamera inatafuta pa kujificha.

Sasa akapewa kipaza sauti muuguzi mmoja. Mama wa makamo, sauti imechoka, hana mbwembwe. Akauliza: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zikikatika katikati ya mwezi, mgonjwa aliyekuwa anameza kila siku nimwambie nini? Swali lenyewe ndilo hilo, na halijafika hata mwisho. Bwana akavuta mkono wa koti, taratibu, kidole kimoja. AKAANGALIA SAA. Kisha akatabasamu akasema kila taifa lijifunze kubeba mzigo wake.

Mzigo wake! Na saa juu!

Haya, tuzungumze mizigo. Haiti ilijitangazia uhuru 1804 baada ya watumwa kupigana na kushinda. Mwaka 1825 Ufaransa ikapeleka manowari na kudai faranga milioni 150 ili waliokuwa mabwana wafidiwe hasara yao. Aliyetoka utumwani amlipe aliyemtumikisha! Baadaye kiasi kilipunguzwa, lakini mikopo iliyochukuliwa kulipia fidia ile iliendelea kulipwa hadi 1947. Uingereza nayo, ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa 1833, ilitenga pauni milioni 20, na zote zikaenda kwa wamiliki. Watumwa hawakupata senti. Huo mzigo nani aliubeba, wewe bwana wa saa?

Na wao walipoanguka, walibebwa. Kuanzia 1948 Marekani ilimimina zaidi ya dola bilioni 13 Ulaya Magharibi kuinyanyua baada ya vita. Mwaka 1953, pale London, wadai walikaa wakaipunguzia Ujerumani Magharibi karibu nusu ya deni lake la nje, ikapewa na muda mrefu wa kulipa kilichobaki. Ugiriki, nchi maskini kuliko yeye wakati ule, ilikuwa miongoni mwa wadai waliokubali. Hakuna aliyemwambia Mjerumani ajifunze kubeba mzigo wake. Hakuna aliyevuta mkono wa koti.

Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo: nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao la taifa. Senti sabini katika kila dola mia. Miaka inakwenda, watoto wamezaliwa na wamekuwa mababu, na mwaka 2024 wastani wa nchi wafadhili ulikuwa asilimia 0.33. Zilizofikisha ni nne tu: Norwei, Uswidi, Denmark na Luxembourg. Nchi ya huyu bwana haimo, na haijakaribia hata kwenye kizingiti. Mtu ambaye hajafika nusu ya safari anamuangalizia saa mwenzake!

Yule mama alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Hakujua akae au aendelee kusimama. Hiyo ndiyo inaniua.

Nasema wazi: nchi tajiri zina WAJIBU. Wanazo, sehemu yake walizitoa kwetu, na wakitoa kidogo tu watu wanapona. Anayebisha aje hapa.

Kobe Mzee

Mleta uzi kunywa maji kwanza. Saa, saa, saa. Wewe ni fundi saa? Pengine mtu alikuwa na ndege ya kuwahi.

Upepo wa Kusi

Kobe Mzee, ndege ya kuwahi! Mtu anauliza habari ya uhai wewe unamtetea kwa ndege. Angeiwahi baada ya kujibu. AMEANGALIA SAA MAMA WA WATU AKIWA AMESIMAMA.

Sumu Kidogo

Mkuu povu zuri lakini umelielekeza kusiko. Hizo hela zikija zinaliwa na nani? Wakubwa wetu wenyewe. Msafara wa magari, safari za nje, watoto wanasoma ng'ambo, na hospitali wanakotibiwa ni za hao hao unaowatukana. Tuanze kwanza na wa kwetu, huyo wa saa tutamfikia.

Upepo wa Kusi

Wa kwetu ni wezi, sijawatetea na sitawatetea. Ila jiulize mwizi anaficha wapi. Jopo la Thabo Mbeki, rais mstaafu wa Afrika Kusini, lilitoa ripoti 2015: zaidi ya dola bilioni 50 zinatoroshwa Afrika kila mwaka, na sehemu kubwa ni makampuni yanayocheza na ankara na bei ili faida ionekane imepatikana kwingine. Zinakwenda kuhifadhiwa kwa nani? Kwa kina bwana wa saa! Wangefungua vitabu vya benki zao tu, hata bila kutoa senti, wangekuwa wametusaidia kuliko makongamano yote.

Binti Hesabu

Naongezea chumvi kwenye kidonda. Hiyo 0.33 yenyewe imenenepeshwa. Kanuni zao zinawaruhusu kuhesabu kama msaada gharama za kuwatunza wakimbizi ndani ya nchi zao katika mwaka wa kwanza. Mwaka 2023 hiyo peke yake ilikuwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya misaada yote. Hela haijavuka mpaka, imetoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto, na kwenye jedwali imeandikwa msaada. Wakimbizi watunzwe, tena watunzwe vizuri, lakini kwa fungu lake.

Mjenga Nchi

Misaada haijawahi kuendeleza mtu. China imewatoa watu karibu milioni 800 kwenye umaskini uliokithiri katika miaka arobaini. Walisubiri nani awaonee huruma? Walifanya KAZI. Mleta mada anataka tukae mlangoni na kulia.

Binti Hesabu

Kaka Mjenga Nchi, kazi walifanya, hilo halina ubishi. Lakini China hiyo hiyo ilikopa mikopo nafuu ya IDA, ule mkono wa Benki ya Dunia kwa nchi maskini, hadi 1999. Na Korea Kusini baada ya vita ilipokea misaada mingi, leo ni mfadhili, imeingia kwenye kamati ya wafadhili ya OECD, ule umoja wa nchi tajiri, mwaka 2010. Mtu anaweza kufanya kazi na kusaidiwa kwa wakati mmoja.

Mjenga Nchi

Mimi nimesema nilichosema.

Nesi Mstaafu

Wanangu, mimi sikuuona mdahalo ila swali la huyo mwenzangu nalijua. Mgonjwa anakuja na kadi yake, umemwandikia tarehe ya kurudi kwa mkono wako mwenyewe. Unafungua kabati, kopo lililobaki unalihesabu vidonge kimoja kimoja, unamgawia wa wiki mbili badala ya miezi mitatu ili na wa nyuma yake apate. Anakutazama usoni, anajua. Dozi ikikatika virusi vinaamka, na vinaweza kuja kuwa sugu kwa dawa ile ile. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, miradi iliandikiwa barua za kusitisha kazi. Ruhusa ya huduma za kuokoa maisha ilitoka baadaye, lakini wafuatiliaji wengi wa wagonjwa walikuwa wameshaambiwa wakae nyumbani.

Na msiseme misaada haijafanya kitu, maana nimeona kazi yake kwa macho yangu. Ndui ilikuwa inaua na kupofusha. Marekani na Sovieti, maadui wakubwa, walichangia chanjo na wataalamu kupitia Shirika la Afya Duniani, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida akapatikana Somalia 1977, na 1980 ikatangazwa imetokomezwa. Na matajiri wenyewe wakaacha kuchanja watoto wao. Malaria bado inaua, karibu watu 597,000 mwaka 2023, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, na chandarua ni dola chache. Huyo bwana angemjibu tu mwenzangu.

Upepo wa Kusi

Shikamoo mama. Umesema yote. Na huyo ndiye aliyeangaliziwa saa, mtu wa kazi hii hii. Nikikumbuka ule mkono wa koti unavyopanda nataka kuvunja kioo.

Kobe Mzee

Usivunje, ufundi utakugharimu. Ila mama Nesi heshima yako.

Jembe Butu

Mnapoteza muda na dawa na madeni. Shida kubwa ni pamba. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Mali na Chad zilikwenda Shirika la Biashara Duniani kulalamika: Marekani inawalipa ruzuku wakulima wake wa pamba, bei ya dunia inashuka, mkulima wa jembe la mkono anauza kwa hasara. Brazil ilishinda kesi kuhusu ruzuku hizo hizo, na 2014 ikamalizana na Marekani kwa kulipwa dola milioni 300. Wale wanne wa Afrika hawakupewa hata kamba ya kufungia robota. Anayekuua bei kwa mkono mmoja halafu anakupa msaada kwa mkono wa pili, mimi sitaki msaada wake, aniachie soko.

Sumu Kidogo

Hapo Jembe umenena. Ila ruzuku ya mbolea kwetu nani anaiuza kwa mlango wa nyuma?

Jembe Butu

Wewe kila kitu viongozi. Hata mvua isiponyesha utasema viongozi.

Sumu Kidogo

Misitu nani kaikata?

Karani wa Warsha

Nami nina dukuduku, naomba nilitoe hapa. Nimeajiriwa kwenye miradi hii. Warsha ya kupunguza umaskini inafanyika kwenye hoteli yenye mabwawa matatu ya kuogelea. Mshauri anatoka ng'ambo na posho yake ya wiki ni mshahara wa muuguzi wa mwaka. Anakuja na slaidi za nchi nyingine, jina la nchi hajabadilisha. Mkulima anayezungumziwa hakualikwa. Akialikwa anakalishwa nyuma, anapewa kofia. Hela nyingi ya msaada inarudi ilikotoka kwa njia ya mshahara wa mshauri, bima ya mshauri na gari la mshauri.

Mjenga Nchi

Mnaona? Nilisema.

Binti Hesabu

Hapana, hukusema hivyo. Hiyo ni sababu ya kutoa vizuri zaidi, siyo ya kutotoa. Wapeni wahitaji wenyewe fedha mkononi, wapeni wauguzi mishahara, futeni madeni.

Mgeni Rasmi

Sasa mbona mnasahau kubwa kuliko zote? Viza. Nimelipa ada, nimepeleka alama za vidole, nimepeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, hadi cheti cha ndoa. Nimenyimwa kwa sentensi moja ya kunakili. Ada haikurudi! Tunaombwa tuache kutegemea misaada, haya, tunataka kuja kufanya kazi kihalali, mlango umefungwa na kiingilio wamebaki nacho.

Karani wa Warsha

Mshauri wetu alipata viza yake uwanja wa ndege, anatafuna bigijii.

Upepo wa Kusi

Jamani uzi unahusu yule bwana. Mnakumbuka alichofanya? Muuguzi amesimama, kipaza sauti mkononi...

Mwana wa Ng'ambo

Pole Mgeni Rasmi. Mimi niko huku ng'ambo na nina langu. Fedha zinazotumwa na wahamiaji kwenda nchi za kipato cha chini na cha kati zilifika karibu dola bilioni 656 mwaka 2023. Misaada yote rasmi ya nchi tajiri mwaka ule ilikuwa karibu bilioni 224. Kwa hiyo mfadhili mkubwa ni mimi ninayeosha vyombo usiku. Na kila ninapotuma nakatwa! Wastani wa dunia ni zaidi ya asilimia 6 ya unachotuma, wakati nchi zote zilikubaliana kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ishuke chini ya 3 ifikapo 2030. Wakitaka kusaidia, waondoe makato. Hilo halihitaji bunge kupiga kura ya bajeti.

Mgeni Rasmi

Asilimia 6? Mimi ndugu yangu akinitumia kupitia benki inayeyuka zaidi ya hapo.

Mwana wa Ng'ambo

Benki ndizo ghali kuliko njia zote. Mwambie atume kwa njia ya simu. Na asiangalie ada peke yake, makato makubwa yamefichwa kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Aulize kitakachofika mkononi mwako ni kiasi gani.

Jembe Butu

Na akituma wikiendi?

Mwana wa Ng'ambo

Asitume wikiendi. Wengine wanaongeza makato kwenye kiwango soko la fedha likifungwa. Asubiri Jumatatu.

Mgeni Rasmi

Asante mkuu. Nampigia sasa hivi kabla hajabonyeza.