Moyo umekuwa baridi, kanisani naenda kama naenda kazini. Nifanyeje?

mama_wa_mwaloni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za saa hizi. Naombeni mnisikilize bila kunirukia maana hili hata mume wangu sijamwambia.

Mi ni mama wa miaka 38, nafanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Niliokoka 2011 na tangu hapo nimekuwa mtu wa kanisa kwelikweli, katibu wa kwaya, mtunza hazina wa akina mama, jumamosi usafi, yaani funguo za ofisi ya kwaya ziko kwenye pochi moja na za stoo ya dagaa. Sasa tangu mwaka huu uanze sijui nini kimenipata. Sijaanguka dhambini, sijakorofishana na mchungaji, hela inapatikana kiasi chake, watoto wazima. Ila ndani hamna kitu. Nikipiga magoti maneno yanatoka yenyewe kama tangazo la stendi, mimi mwenyewe sipo. Jumapili iliyopita mchungaji anahubiri nikajikuta nimetoa simu napiga hesabu ya magunia, mama wa pembeni akadhani naandika pointi za mahubiri akaninong'oneza "ubarikiwe".

Kilichonishtua ni juzi. Nilifungua Biblia kutafuta risiti niliyoichomeka humo, nikakuta tiketi ya meli ya Nansio, niliiweka alama kwenye Isaya tulipokwenda kwenye msiba mwezi wa pili. Yaani tangu mwezi wa pili hiyo Biblia inaenda kanisani na kurudi ndani ya mkoba haijafunguliwa, maana mistari siku hizi tunasomea kwenye projekta. Nikakaa kitandani naiangalia ile tiketi sijui dakika ngapi, wino umeshaanza kufifia. Na wala sikulia, ndo kinachonitisha.

Mkisema niombe, naomba. Mkisema nifunge, nimefunga siku tatu vidonda vya tumbo vikaamka basi. Kuna mtu alishapita hapa akatoka?

simba_wa_maombi

Mama hiyo ni vita ya kiroho, kuna roho imetumwa kwenye biashara yako ikaona haiwezi kugusa hela ikagusa madhabahu ya moyo. Siku 21 za kufunga, kesha kila ijumaa, na uvunje maagano ya ukoo. Usicheke na adui.

mchokozi_igoma

Mtu kasema ana vidonda vya tumbo we unampa siku 21 😂 mbona unataka kumuua. Kila kitu pepo, dagaa wakipanda bei pepo, mtu akichoka pepo.

frateri_mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mkatoliki, nilikaa seminari miaka kadhaa nikatoka, sasa hivi niko kwenye hardware, lakini kitu kimoja cha kule kilinikaa kichwani mpaka leo na nadhani ndicho hiki cha kwako.

Kwenye karne ya nne kulikuwa na mmonaki anaitwa Evagrius wa Ponto, aliishi jangwani Misri, akafa mwaka 399. Aliandika juu ya kitu walichokiita pepo wa adhuhuri, jina limetoka Zaburi ya 91, pale pa "uele uharibuo adhuhuri". Anasema huyo anamvamia mmonaki kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana. Na saa zao walihesabu kama sisi Waswahili, tangu jua linapochomoza, kwahiyo saa nne yake ni saa nne yako ile ya kwenye mizani pale Mwaloni. Jua linaonekana limesimama, siku inakuwa kama ina masaa 50, mtu anachungulia dirishani kuona kama saa tisa ya kula imekaribia, anakichukia chumba chake, anaichukia kazi ya mikono, anaanza kuwaza labda angehamia sehemu nyingine mambo yangekuwa mazuri. Simba hapo juu asifurahi kwamba nimetaja pepo, maana dawa aliyoitoa yule mzee haikuwa kukemea. Alisema usikimbie chumba chako. Na akasema ulie, halafu ujigawe mara mbili, nusu moja ya nafsi iibembeleze nyingine kwa ile Zaburi ya 42, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama".

Nataka kusema tu kwamba hiki kitu kina umri wa miaka zaidi ya 1,600 kwa watu waliokuwa wanasali kutwa kucha. Sio kwamba wewe mkristo feki.

nyanda_wa_karabai

Frateri umetisha, ila mi nitaongea ya ziwani. Sisi wa dagaa tunafanya kazi kwenye giza, zamani karabai siku hizi taa za sola, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa kwahiyo unavuta mitumbwi pwani. Hujawahi kusikia mvuvi anasema ziwa limekufa. Anashona nyavu, anaziba mtumbwi, analala na mke wake, anasubiri giza lirudi. Mama we uko kwenye mbalamwezi, shona nyavu.

mchokozi_igoma

Nyanda mfano mzuri ila mbalamwezi siku chache tu, mwenzio ana miezi. Mvuvi gani anashona nyavu miezi yote hiyo, si ameshauza mtumbwi.

nyanda_wa_karabai

😂😂 kaka we acha tu

mzee_kutoka_bukoba

Binti yangu, pole. Mimi nimezaliwa Kagera, hapa Mwanza niko Nyakato kwa mwanangu, wajukuu ndo wananiandikia hapa nasema wanachapa.

Sisi tulilelewa na watu wa uamsho. Vijana wanadhani uamsho ni mkutano na spika kubwa. Ule wa kwetu ukiufuata nyuma unakuta mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza anaitwa Joe Church, wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, alikuwa amechoka kabisa, kulikuwa na njaa kubwa, watu wanamfia mikononi, akaenda Kampala kupumzika. Akakutana na Simeoni Nsibambi pale kilima cha Namirembe. Walikaa siku mbili wanasoma Biblia na kuomba, wawili tu, hakuna kwaya. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini ukasambaa Uganda, Kenya, ukaja kwetu Bukoba. Na waliokuwa wanaamka si wapagani, wengi walikuwa wainjilisti na walimu na wauguzi wa misheni, watu wenye funguo za ofisi kama wewe. Walikuwa wanakaa kwenye ushirika mtu anasema mimi leo ni mkavu, au jana nimemchukia mke wangu, wakaita kutembea nuruni. Sasa wewe umesema hata mume hajui. Hapo ndo ningeanzia mimi.

Halafu soma lile neno la kanisa la Efeso, Ufunuo 2. Wanasoma mstari wa 4, umeuacha upendo wako wa kwanza, wanaishia kulia. Mstari wa 5 unasema ukayafanye matendo ya kwanza. Matendo, binti. Ile joto ya 2011 huwezi kuiamuru irudi, lakini miguu unaweza kuiamuru. 2011 ulikuwa unafanya nini ambacho sasa hufanyi? Ukatibu wa kwaya haukuwepo, najua.

dada_nyegezi

Shikamoo mzee. Dada mama_wa_mwaloni, mi ni muuguzi nasoma hii nikiwa shifti ya usiku na kuna kitu wote wamekiruka. Tiketi ya msiba. Msiba wa nani?

Na maswali mawili ya kinesi usinichoke: unalala? Unakula? Kama usingizi umekata au unalala sana, chakula hakina ladha, na wiki zinapita hivyohivyo, basi uende ukaonane na daktari pia, sonona ipo na inawapata waliookoka. Eliya alivyojilaza chini ya mti akasema bora nife, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akamwacha alale, akamwamsha akale tena. Maneno yalikuja baadaye sana, kule Horebu.

mama_wa_mwaloni

Shikamoo mzee wangu, wabeja sana, yaani asante. Dada nyegezi swali lako nilifunga simu nikaenda kuanua dagaa, nimerudi sasa.

Nalala vizuri tu dada, na kula nakula. Msiba ulikuwa wa mdogo wangu anayenifuata. Aliumwa miezi minne, kanisa zima liliomba, tulikesha, mi mwenyewe nilisimama mbele nikashuhudia kwamba amepona kabla hajapona, Mungu anisamehe. Akafa. Mi ndo nilishika daftari la michango, nikatafuta gari la kubeba jeneza, nikahesabu sahani. Wakati wa kurudi ndani ya meli mama mmoja wa kwetu akaniambia kwa upole kabisa labda imani yetu ilikuwa ndogo. Nikamjibu amen. Tulifika jumanne, jumatano alfajiri niko Mwaloni maana mzigo wa watu ulikuwa umeingia.

Nilikuwa sijawahi kuandika haya mahali popote.

dada_nyegezi

Pole sana dadangu. Sasa sikiliza, mi naona wewe hujapoa, wewe umekasirika na hujui umwambie nani, kwahiyo umemnunia Mungu kimyakimya huku unampelekea kwaya. Soma Zaburi 88. Hiyo haina lile geuko la mwishoni la "lakini nitamsifu", inaishia gizani kabisa, na bado wameiacha humo kwenye Biblia. Iseme kwa sauti. Mungu ameshasikia zaidi ya hiyo.

simba_wa_maombi

Mama pole kwa msiba. Sikuwa nimeelewa. Lile la siku 21 naliondoa.

mchokozi_igoma

Haya ndo maajabu, simba kaondoa 😂 Pole sana mama.

mama_wa_mwaloni

Wapendwa nimerudi, wiki mbili zimepita. Mzee alivyouliza 2011 nilikuwa nafanya nini nilikumbuka palepale sikutaka tu kusema. Kuna bibi yupo Kitangiri haoni, nilikuwa namsomea Biblia kila alhamisi jioni, nilipopewa ukatibu ukaja na mazoezi ya kwaya alhamisi, nikaacha hata kuaga sikumuaga.

Mume nimemwambia. Alinyamaza sana akasema alijua, anasubiri mimi. Funguo za kwaya nimerudisha, kuna walionuna, na mwenyekiti ananisalimia kwa mbali.

Moto haujawaka jamani nisiwadanganye. Ila alhamisi nilienda Kitangiri. Sijafungua mdomo bibi akasema jina langu, nikamuuliza umejuaje, akasema unanuka dagaa vilevile. Nikakaa kwenye kigoda nikamsomea hiyo 88 bila kumwambia kwa nini. Nilipomaliza akauliza imeishia hapo? Nikasema ndo imeishia hapo bibi. Akasema soma tena. Mara ya pili nilifika pale kwenye jicho kufifia sauti ikakata, nikalia mpaka kamasi, kilio cha mwezi wa pili chote, na bibi hakunibembeleza wala nini, aliendelea yeye pale nilipoishia mpaka mwisho, kwa kichwa, hajakosea neno.

Nikamuuliza sasa kama unaijua yote ulikuwa unanisomesha ya nini. Akacheka, akauliza dagaa siku hizi sado bei gani.