Naomba ushauri: nipime vipi sababu za kijamii za mabadiliko ya tabianchi?

Habari zenu wakuu. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili katika sosholojia, nimekwama kwenye kipimo. Wengi huanza na idadi ya watu, ila naona inaficha mengi. Shirika la misaada la Oxfam walikadiria kuwa asilimia 1 ya watu matajiri zaidi duniani walichangia asilimia 16 ya hewa ukaa mwaka 2019. Nikichukua wastani wa nchi, anayepanda ndege kila wiki na anayetembea kwa miguu wanahesabiwa sawa!

Msimamizi wangu anataka nijikite kwenye teknolojia. Lakini tangu 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alishaeleza kwamba injini zilizotumia makaa ya mawe kwa ufanisi zaidi ziliongeza matumizi yake, maana nishati ilishuka gharama na viwanda vikaongezeka.

Je, nitumie takwimu za matumizi ya kaya? Kuna aliyewahi kuziunganisha na mahojiano? Na bidhaa ikitengenezwa nchi moja ikatumika nyingine, hewa ukaa yake niiandike kwa nani? Hili ndilo linaninyima usingizi, kwa sababu jibu linabadilisha matokeo yote.