Mjadala: Mashindano ya mitindo kwenye televisheni, nani anafaa kuhukumu kazi ya mbunifu?

Mkasi wa Kondele (mwenye mada)

Wadau, salaam kutoka Kisumu. Naleta hoja. Mnipinge mnavyotaka, ila mje na sababu.

Juzi niliitwa kukaa kwenye jopo la kukagua kazi za vijana wanaomaliza kozi ya ushonaji na ubunifu wa mavazi. Chuo sitakitaja. Kila mwanafunzi alileta mavazi matano, modeli wakapita ukumbini, kisha sisi tukatoa maoni. Wenzangu mezani walikuwa wameshiba kipindi cha mashindano ya mitindo, Project Runway. "Sioni hadithi moja." "Mbunifu ni nani hapa?" "Hizi nguo haziongei pamoja." Alama zikaandikwa, modeli wakaenda kubadilisha.

Binti mmoja alikuwa na koti la kitenge ambalo meza nzima ililisifu. Nikamfuata nyuma nikaomba nilione. Mgongoni, pale vipande viwili vinapokutana, ua kubwa la kitenge lilikuwa limekatika, nusu ya kushoto iko juu, ya kulia imeshuka upana wa vidole vitatu. Ndani, bitana ilikuwa fupi kuliko kitambaa cha juu, kwa hiyo pindo lilikuwa linavutwa na kujikunja. Huyo alipewa nafasi ya pili. Kijana mwingine alileta mashati ambayo ukiyageuza nje ndani huwezi kujua upande upi ni upi, lakini kila shati lilikuwa na rangi yake, moja zambarau, moja kijani cha ndizi. Akaambiwa mkusanyiko wake umetawanyika. Akatoka mikono mitupu.

Kwa wasiokifuata, Project Runway ni kipindi cha Marekani kilichoanza Desemba 2004. Wabunifu hushona kila wiki, mmoja hutolewa, na wanaobaki mwisho hupewa pesa na muda wa kushona mkusanyiko mdogo ambao huonyeshwa kwenye wiki ya mitindo ya New York. Kwa misimu mingi Heidi Klum ndiye aliyekuwa mtangazaji, Michael Kors na Nina Garcia majaji, na Tim Gunn mshauri wa karakana.

Hoja yangu ni hii: uamuzi wa namna hiyo ni wa kutazama kwa mbali, na sisi huku tumeuiga bila kujiuliza. Jaji wa mavazi ashike nguo, aigeuze, aivute mshono. Tena angalau mmoja mezani awe ni mtu ambaye angeivaa. Mfano wangu ni fainali ya 2010, msimu wa 8. Mondo Guerra alileta rangi kali na madoadoa, asili yake ya Kimeksiko ikiwa wazi. Gretchen Jones alileta nguo za kulegea zenye rangi za udongo, kahawia juu ya kahawia. Ushindi akapewa Gretchen. Hadi leo watu wanagombana. Kwangu mimi ni ushahidi kwamba ukiambiwa "leta umoja", njia rahisi ni kununua jora moja.

Binti wa Milimani

Mwenye mada, nakuheshimu lakini mfano wako unakugeukia.

Kumbuka nani alipiga kura upande gani. Waliomtaka Gretchen walikuwa Kors, ambaye ni mbunifu mwenye duka lake, na Nina Garcia, mhariri wa jarida la mitindo. Hao ndio watu wa fani. Waliomtaka Mondo walikuwa Heidi Klum na jaji mgeni Jessica Simpson, yaani waliokuwa wakiziangalia kama watu watakaozivaa. Sasa wewe unataka meza iwe na watu wa mkono na pia mvaaji. Usiku ule, mtu wa mkono na mvaaji walikaa pande mbili. Ungemsikiliza nani?

Halafu hili la hadithi usilibeze. Msimu uleule kulikuwa na wiki ambayo kila mtu alitakiwa kubuni chapa ya kitambaa chake. Mondo akachora alama za kujumlisha. Nina Garcia alipomuuliza maana yake, akaeleza mbele ya kamera kwamba yeye anaishi na virusi vya UKIMWI na kwa miaka mingi alikuwa ameficha. Wiki hiyo alishinda. Ungevuta mishono ya ile suruali mpaka asubuhi usingeipata habari hiyo.

Mimi niko mwaka wa pili wa kozi hiihii. Kushona nitafundishwa na fundi yeyote mwenye subira. Macho sifundishwi.

Fundi wa Kibuye

"Fundi yeyote mwenye subira." Haya.

Dada, niko soko la Kibuye tangu kiwanda cha pamba cha KICOMI kingali kinatoa kitambaa hapahapa mjini. Kila mwaka nawapokea wa kwenu wakija kufanya mazoezi. Daftari la michoro linapendeza kweli. Mpe suruali aweke zipu, anakuja baada ya saa nzima na zipu imepinda kama barabara ya Maseno. Kukata kitenge ili maua yakutane si subira. Ni hesabu, unafanya kabla mkasi haujagusa kitambaa, na lazima ununue zaidi kidogo kwa sababu kuna kipande kitapotea. Huyo wa koti alibana kitambaa. Jaji hakujua kwa sababu jaji hajawahi kununua kitenge kwa pesa yake akashone.

Na hao wa New York wanaenda kununua duka kubwa la Mood, ghorofa kwa ghorofa, kila rangi ipo. Hapo umoja wa rangi ni chaguo. Sisi ukienda Jumapili ukute jora lililobaki ni mita mbili, umoja wako umeishia hapo.

Mtumba wa Nakuru

Nacheka tu. Mnabishana jaji akae wapi na mlaji hayumo kabisa kwenye mazungumzo. Mimi nafungua belo hapa Nakuru. Gauni lililoshonwa Italia, bitana safi, mshono mara mbili, naliuza bei ambayo mbunifu wenu hawezi kununulia hata hicho kitambaa. Mteja haulizi hadithi. Anauliza "iko ya saizi yangu?"

Na hapo kwa saizi ndipo hivyo vipindi vilipochelewa sana. Ashley Nell Tipton alishinda msimu wa 14, mwaka 2015, na ulikuwa mkusanyiko wa kwanza wa nguo za wanawake wanene kushinda. Mwaka uliofuata Tim Gunn mwenyewe akaandika gazetini kwamba zile nguo hazikuwa nzuri na kwamba ushindi ule ulikuwa wa kuonyesha tu kwamba wanawajali. Mshauri wao huyo! Kufika 2017, msimu wa 16, ndipo wakaanza kuleta modeli wa miili tofauti kwa kila mtu, na wabunifu wengine wakanuna kwa sababu mwili mkubwa hausamehe. Dati, ule mkunjo ulioshonwa ili nguo ikae mwilini, ikikosea inaonekana mpaka barabarani.

Mkasi, kwenye jopo lako kulikuwa na modeli wangapi wanaofanana na mama zetu?

Mkasi wa Kondele

@Mtumba wa Nakuru, hakuna hata mmoja. Wote wembamba kama mianzi. Hoja nimeipokea.

@Binti, hilo la kura nilikuwa nalijua, na ndiyo sababu nasema meza iwe na watu wa aina zote mbili wanaolazimika kubishana mbele yetu. Mwaka 2010 angalau walibishana, tukasikia. Kwenye vyuo vyetu maoni ni manne yanayofanana, kwa sababu wote wameyajifunza kwenye runinga moja.

Mama Gomesi, Busia

Mulembe. Watoto, naomba nami niseme.

Mimi nashona gomesi, yale magauni marefu ya heshima, za harusi na za mahari, wateja upande huu na upande wa Uganda. Hebu nileteeni huyo jaji wa hadithi. Nimpange mbele yake gomesi kumi: shingo ya mraba, mabega yaliyosimama, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mkubwa kiunoni. Atasema nimeleta nguo moja mara kumi. Au atasema umoja wangu umepita kiasi. Kumbe mteja wangu akiingia, kwa jicho moja anajua ipi ni ya mama wa bibi harusi na ipi ni ya shangazi. Anaangalia kitambaa, anaangalia bega limesimama vipi, anaangalia mshipi unavyoanguka. Bega likilala, amenirudishia. Na kama sikumwachia nafasi ya kikoi cha ndani, nyonga zinabana na kila mtu kwenye sherehe anaona.

Nguo hii inasemekana ilianza na fundi Mgoa, mwenye asili ya Goa kule India, wa huko Uganda, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hakuwa na jukwaa wala kamera. Wanawake waliipenda wakaibadilisha wenyewe, kidogo kidogo.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono mwenye mada kwa mkono mmoja. Huo mwingine nimeuzuia, kwa sababu simwamini kila mvaaji. Wengine wanataka mabega ya kumpita mbunge.

Mwalimu wa Cherehani, Kakamega

Nimefurahi Mama Gomesi amelisema hilo la wavaaji, maana kuna jambo mmelisahau. Kenya hii iliwahi kujaribu hasa kile Mkasi anachokitaka. Mwaka 2004, kampuni ya Unilever kupitia sabuni ya Sunlight ilidhamini kutafuta vazi la taifa. Wabunifu walichaguliwa, michoro ikatolewa hadharani, wananchi wakapiga kura. Wavaaji wenyewe! Vazi likazinduliwa kwa shangwe. Nitajieni mtu mmoja mtaani kwenu anayelivaa leo. Wamasai wana shuka zao, Mama Gomesi ana gomesi, Pwani wana leso na kanzu, na hakuna hata moja iliyopitia kura.

Sisemi kura ni mbaya. Nasema mtu akipendezwa na picha si lazima atoe pesa mfukoni.

Kuhusu kupendelea kwa majina, msimu wa 12 wa kipindi hicho, 2013, walijaribu kuficha nani kashona nini wakati nguo zinapita, majaji wakatoa alama kwanza, halafu ndipo wakakutana na wabunifu. Hilo naweza kulianzisha darasani kwangu muhula ujao bila senti tano. Wanafunzi wangu wanajuana, walimu tunajua nani ni mtoto wa nani. Nguo ikining'inia peke yake kwenye henga, bila modeli mrembo, bila muziki, utashangaa alama zinavyohama.

Binti wa Milimani

Mwalimu, nguo kwenye henga imekufa. Gauni la kuzunguka likiwa kwenye henga ni pazia. Lazima mtu atembee nalo.

Na niwakumbushe jambo. Kipindi mnachokilaumu ndicho kilichotutolea Christian Siriano, mshindi wa msimu wa 4, 2008, akiwa kijana mdogo kabisa. Majaji walimpa ushindi kwa zile nguo zake za mikunjo na mabega makubwa ambazo mlaji wa Nakuru asingezigusa. Mwaka 2016 mchekeshaji Leslie Jones alipolalamika kwamba hakuna mbunifu anayetaka kumvisha kwa uzinduzi wa filamu, ni Siriano aliyejitokeza. Mwaka huohuo Michelle Obama alivaa gauni la buluu la Siriano kuhutubia mkutano wa chama. Yaani aliyechaguliwa kwa macho ndiye aliyekuja kuvisha miili ambayo wengine waliikwepa. Na mnadhani alifika huko bila kujua kushona? Anajua sana! Ila majaji walimwona kwanza.

Fundi wa Kibuye

Umesema mwenyewe, anajua sana.

Binti wa Milimani

Fundi, omera, usinikate maneno nusu. 😂

Mtumba wa Nakuru

Na kabla hamjaendelea kutaka jukwaa, someni mkataba. Mshindi wa kwanza kabisa wa Project Runway, Jay McCarroll, alikataa zawadi ya dola 100,000 kwa sababu masharti yaliwapa watayarishaji sehemu ya kazi zake za baadaye. Mnabishana nani awahukumu, hamuulizi nani atawamiliki. Nimemaliza, mteja amefika.

Mwalimu wa Cherehani, Kakamega

Hilo liwe na mada yake, ni kubwa.

Napendekeza tuweke namba mezani tuone tunapotofautiana. Mwanafunzi alete mavazi matano. Ushonaji na ukataji alama 40, na fundi azigeuze nguo nje ndani kabla ya maonyesho, majina yakiwa yamefichwa. Kutoshea kwenye mwili 20, na modeli wasiwe wa kipimo kimoja. Zilizobaki 40 ni za macho: rangi, wazo, jinsi mavazi matano yanavyokaa pamoja. Mkasi, ungekubali?

Mkasi wa Kondele

Naikubali kwa sharti moja: kwenye hizo 40 za mwisho, neno "zimetawanyika" lisitumike mpaka jaji aseme kijana alikuwa anajaribu nini. Yule wa mashati ya rangi tano nilimuuliza baadaye. Alikuwa anamshonea baba yake, mvuvi wa Dunga anayependa shati jipya kwa kila sikukuu. Mashati yote matano yalikuwa ya mtu mmoja! Hadithi ilikuwepo, hakuna aliyemuuliza.

Fundi wa Kibuye

Kwangu ushonaji uwe 60. Hao vijana watakuja kwangu kutafuta kazi, si kwenu.

Binti wa Milimani

Sitini ni mtihani wa cherehani, si maonyesho ya mitindo. Arobaini nimekubali, kwa shingo upande. Lakini fundi akishamaliza kugeuza nguo atoke ukumbini, asibaki kutuambia zambarau na kijani haviendi pamoja.

Fundi wa Kibuye

Haviendi.